Jogoo Aliyeliwa Malaba

Nyumbani kwa Mzee Kasirye,
karibu na Mukono, Uganda
17 Januari 1965

Ndugu yangu Protus,

Salamu hizi ni nyingi, na kwa vile wewe ni karani wa mizigo pale stesheni ya Malaba, zipime kwanza ndipo umpe mkeo Phoebe zake na binti yangu Nanjala zake. Mimi ni mzima. Miguu ilivimba kwenye treni lakini sasa viatu vinaingia.

Kazi nimepata, tena upesi mpaka mwenyewe nashangaa. Unajua nilipanda treni bila neno hata moja la Kiganda. Opio, yule gadi wa treni kutoka Tororo, alinionea huruma. Akaniambia, "Mama, huko unaenda Kiswahili haitakusaidia. Watu watafikiri wewe ni askari ama mwizi. Shika maneno mawili tu, ukifika kwa mlango useme." Akanifundisha kusema kwamba ninatafuta kazi ya upishi. Niliyarudia maneno hayo kutoka Tororo mpaka Jinja, hadi mama aliyekaa karibu nami akahama kiti.

Nyumba ya kwanza nilifukuzwa kabla sijafungua mdomo. Ya pili ndiyo hii. Mzee Kasirye ana kahawa na ndizi nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita. Aliyefungua mlango ni dada yake, mama mnene wa sauti kubwa ambaye watu wote humu wanamwita Senga. Nilipiga magoti nikasema: Njagala obufumbo.

Protus, yule mama alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Akawaita wengine waje wasikie. Nikarudia, wakacheka tena. Nilijua ni matamshi yangu, nikaona aibu sana. Lakini alinishika mkono, akaniingiza ndani, akanipa chai, akaanza kunihoji kwa ishara na maneno machache. Aliuliza muziro wangu. Hilo nalielewa, maana hata sisi twasema karibu hivyo: ni mnyama ambaye ukoo wenu hauli. Nikaona hawa ni watu makini, hawataki mpishi wa kukataa kugusa nyama fulani jikoni. Halafu akauliza kama nina mwami. Opio aliniambia mwami ni bwana, basi nikafikiri wanaogopa nimetoroka kwa bwana mwingine niliyekuwa nikimfanyia kazi. Nikasema sina, nikaonyesha mikono mitupu. Alifurahi kupita kiasi.

Shemeji zangu wa Busibwabo wakija kuuliza, waambie lile lile nililowaambia mimi mwenyewe. Sitarithiwa na Methuselah. Ndugu yake Wekesa alikuwa mume wangu naye amekufa, mimi sikufa. Nataka nipike, nilipwe, Nanjala amalize darasa la saba, na mtu asinichagulie nyumba ya kulala. Wewe peke yako ndiye uliyenisindikiza mpaka kwenye treni, kwa hiyo ni wewe ninayekutegemea.

Dada yako,
Truphena


Nyumba za Reli, Malaba
6 Februari 1965

Dada Truphena,

Salamu nimezipima, zimezidi uzito unaoruhusiwa, lakini kwa kuwa ni za dada yangu nimezipitisha. Phoebe alikuwa na homa, amepona. Nanjala amekuwa wa tatu darasani na anatembea siku hizi kama mke wa chifu. Mvua bado. Pamba ya Matayos inakuja kwa malori mpaka ghala limejaa na mimi nalala nikiota magunia.

Habari ya kazi yako imenishtua. Nyumba mbili tu? Hapa kuna vijana wamemaliza darasa la nane na wanazunguka mwaka mzima na vyeti mfukoni. Nimemsomea Phoebe barua yako mara tatu. Amesema ni zile kuku ulizokuwa ukiwapikia masista wa misheni, kwamba harufu yake imekufuata mpaka Uganda.

Methuselah amekuja stesheni mara mbili. Anavaa lile koti lake refu hata kwenye jua, anakaa kwenye benchi la abiria, ananingoja nimalize kazi. Anauliza umeenda wapi na utarudi lini. Nilimjibu vizuri, hakuna haja ya kukuchosha na maneno yetu.

Nieleze mshahara wako ni wa wiki au wa mwezi. Na hao watu wanakutendeaje?

Ni mimi nduguyo,
Protus


Mukono
28 Februari 1965

Ndugu yangu Protus,

Nimefurahi Phoebe amepona. Mwambie harufu ya kuku imefika kweli. Mwambie pia Nanjala kwamba wa tatu ni vizuri, ila mbele yake bado wapo wawili.

Unauliza wananitendeaje. Kila siku hapa napigwa na butwaa. Wiki ya pili Senga alinishonea gomesi, ile nguo yao ndefu yenye mabega yaliyochongoka na mshipi mkubwa kiunoni. Ya hariri, Protus. Nilikataa kuivaa jikoni nisiimwagie mafuta, akanuna siku nzima. Wiki ya tatu nilipewa shamba la ndizi, si kulima tu, langu. Mzee mwenyewe alinionyesha mpaka kwa fimbo, huku na huku, akasema jina langu. Mpishi gani amepewa shamba? Kule kwa masista sikupewa hata mche wa sukuma wiki.

Mzee mwenyewe ni mtu wa heshima, amefika miaka hamsini na mitano hivi, hasemi sana. Hajakanyaga mlango wa chumba changu hata siku moja. Nikimpelekea chakula ananishukuru, na hiyo peke yake imenishangaza, maana Wekesa, Mungu amlaze pema, hakuwahi.

Jambo moja linanikera. Mshahara hawautaji. Mwisho wa mwezi nilimwendea Senga, nikasugua kidole gumba na cha shahada hivi, kama tunavyofanya sisi. Akaelewa mara moja, akatikisa kichwa, akaniletea sabuni. Nikarudia siku ya pili, akaniletea mafuta ya kupaka. Kiswahili hapa hakuna anayekijua. Vibarua wa kahawa ni Wanyarwanda, na kijijini wapo wanaokisikia kidogo lakini wanakiona lugha ya fujo. Kuna katekista mmoja, Nathaniel, aliyejifunza Kiswahili jeshini, lakini huja mara moja moja na hukaa barazani na wanaume.

Wiki iliyopita Mzee aliniuliza jina la kaka yangu na anapokaa. Nikakuandika: Protus, stesheni ya Malaba. Nafikiri anataka mdhamini kabla hajaanza kunilipa. Mtu wake akija, mpokee vizuri. Kazi yangu iko mikononi mwako.

Dada yako,
Truphena


Nyumba za Reli, Malaba
21 Machi 1965

Dada Truphena,

Hujambo na kazi? Sisi hapa hatujambo, tena tumeshiba, na sababu ya shibe utaisikia sasa hivi. Nanjala amepandishwa kuwa kiranja. Phoebe anasema asiitwe kiranja nyumbani maana ameanza kutuamrisha.

Mtu wa bosi wako amekuja. Alishuka kwenye treni ya mchana, mpwa wa Mzee, kanzu nyeupe na koti juu yake, na mkononi jogoo. Jogoo mwenyewe mwekundu, mkubwa, alikuwa amefungwa utepe kama zawadi ya Krismasi. Watu wote stesheni walisimama kutazama. Yule bwana alipiga goti moja mbele yangu pale kwenye mizani, mimi na mikono yenye vumbi la pamba, akanikabidhi jogoo kwa mikono miwili. Nilishtuka nikataka kumwinua. Hakukubali kukaa wala kunywa maji mpaka alipoona nimempokea. Kisha Opio, ambaye treni yake ilikuwa imesimama kuchukua maji, akatafsiri haraka haraka kutoka dirishani: "Anasema huyo ni wako wewe, ndugu ya mwanamke. Umle." Treni ikaondoka naye kabla hajamaliza.

Nikasema moyoni, hawa ndio matajiri wenye adabu. Tajiri wa hapa atakutumia barua ya kukuuliza kama dada yako ni mwizi. Huyu anakutumia jogoo. Tulimchinja siku ile ile. Mgeni alikataa kuonja hata kipande, alikaa tu akinitazama ninavyokula, na kila nikimeza anatabasamu. Mimi nilifikiri amefunga Kwaresima.

Kabla ya kuondoka aliomba kwa ishara niandike barua. Ndiyo ile ya mdhamini, nikajua. Nikaiandika kwa Kiswahili kizuri cha ofisini ili usiaibike: "Kwa Bwana Kasirye. Jogoo amefika, nimemla mimi mwenyewe kwa furaha, hakubaki mfupa. Dada yangu Truphena sasa ni wako. Ni hodari, havunji vyombo, wala hana mtu mwingine anayemdai. Akikosea mrekebishe. Ni mimi, kaka yake." Nikapiga na muhuri. Phoebe alisema nimezidisha, nikamwambia mambo ya kazi hayajui.

Sasa mshahara utakuja, ngoja uone.

Protus


Mukono
19 Aprili 1965, Jumatatu ya Pasaka

Ndugu yangu Protus,

Mmefurahia sikukuu? Hapa kanisa lilijaa mpaka nje. Natumaini Nanjala alipata lile gauni nililomwachia kitambaa chake.

Barua zangu mbili hujazijibu. Ya kwanza nilifikiri imepotea. Ya pili nilimpa Opio mwenyewe nilipokutana naye Mukono, naye aliniapia kwamba ataiweka mkononi mwako. Alikuwa ananitazama vibaya, kama mtu mwenye neno ambalo halitaki kutoka, kisha kipenga kikalia. Je, kuna mgonjwa? Niambie hata kama ni habari mbaya. Kunyamaza kwako kunanitisha.

Tangu barua yako ya mdhamini ifike watu wamebadilika. Katekista Nathaniel aliwasomea barazani. Nilikuwa napeleka chai nikasikia jina langu, halafu wanaume wakapiga makofi. Sikujua barua ya mdhamini inapigiwa makofi. Mshahara bado. Ila kuna harusi inakuja, tarehe moja Mei, kwani wakati wa Kwaresima hawakutaka. Wametengwa ng'ombe wawili. Ndizi zinakatwa za kutosha kulisha tarafa. Nimeamua nitapika siku hiyo kuliko nilivyowahi kupika, Mzee aone mwenyewe, kisha kesho yake nimwombe haki yangu mbele ya wageni wake.

Bibi arusi bado sijamwona. Nilipouliza ni wa nani wasichana walizika nyuso kwenye mashuka yao. Labda ni wa mtoto mmoja wa Mzee aliye Kampala.

Niandikie.

Truphena


Nyumba za Reli, Malaba
27 Aprili 1965

Dada,

Sisi wazima. Barua zote nimepata. Kazi ilikuwa nyingi, magunia yamelowa, mkubwa wetu amekuwa mkali.

Usiwe na wasiwasi. Watu ukiishi nao vizuri nao wataishi nawe vizuri. Maisha yanaweza kukuletea kitu ambacho hukukitafuta na kikawa kizuri tu. Tulia hapo hapo.

Nanjala anakusalimu.

Protus


Mukono
3 Mei 1965

Protus,

Mimi sijambo, na nyinyi natumaini hamjambo. Zaidi ya hapo salamu zimeniishia.

Jumamosi niliamka alfajiri nikawasha meko saba. Mchuzi wa nyama ulikuwa umeanza kushika rangi Senga alipoingia na wanawake wanne, wakanishika mikono. Nikawaambia kwa kile Kiganda changu kwamba nyama itaungua. Wakacheka. Senga akaninyang'anya mwiko, akasema, "Omugole tafumba." Neno la pili nalijua vizuri, kupika ndiyo kazi yangu: hapiki. La kwanza sikulijua. Walinivuta mpaka chumbani, wakanivua aproni, wakaleta gomesi nyeupe na shanga. Nikafikiri wanataka nimsindikize bibi arusi. Nikamtafuta bibi arusi chumba kizima, Protus. Nilitazama hata nyuma ya pazia.

Halafu msichana mmoja alishika kioo mbele yangu, akanielekezea kidole, akasema tena: omugole.

Nilipiga kelele. Sijui nilipiga kwa lugha gani. Nilitoka mbio na ile gomesi imefungwa nusu mpaka uani, mbele ya wageni wote, nikamwita katekista Nathaniel kwa jina. Akaja. Nilimwambia kwa Kiswahili, "Mwalimu, mimi ni mpishi. Nilikuja kuomba kazi ya kupika." Akaniuliza nilisema nini siku ya kwanza mlangoni. Nikamwambia: Njagala obufumbo. Akafunga macho.

Upishi ni obufumbi. Obufumbo ni ndoa. Opio alinifundisha vizuri, mimi ndiye niliyebadilisha herufi moja humo treni. Nilipiga magoti mlangoni kwa mjane wa watu nikamwambia nataka ndoa. Muziro walioniuliza ni wasije wakaoa wa ukoo wao. Mwami ni mume. Shamba la ndizi ni la mke. Mimi nilikuwa nikisugua vidole kumwomba mume mshahara.

Nathaniel aliwatafsiria wote. Mzee Kasirye hakugomba. Alisimama na kanzu yake mpya. Akauliza jambo moja tu, na Nathaniel akanigeuzia: "Kama yeye hakuja kuolewa, kwa nini kaka yake alikula jogoo?" Akatoa barua yako mfukoni. Ina muhuri wa reli. Nilisomewa maneno yako mbele ya watu mia mbili: dada yangu sasa ni wako. Akikosea mrekebishe.

Hapa jogoo hupewa kaka wa mwanamke. Akimla, ametoa ruhusa na ndoa imefungwa. Ndiyo maana mpwa alikaa akakuhesabia matonge. Ndiyo maana Mzee hakukanyaga chumba changu, alikuwa anangoja wewe umeze.

Nililia kwa ajili ya yule mzee kuliko nilivyolia kwa ajili yangu. Nimemwaibisha mbele ya ukoo wake na hakunitendea ila mema. Kwako sina hasira, hukujua, kama mimi sikujua. Lakini nataka uandike barua nyingine upesi, ueleze kwamba ulidhani ni zawadi. Nathaniel anasema wazee wataipokea. Bila hiyo barua mimi kwao bado ni mke aliyechanganyikiwa.

Na uniambie kitu kimoja. Opio alipokuletea barua yangu, alikwambia nini?

Truphena


Nyumba za Reli, Malaba
19 Mei 1965

Dada yangu Truphena,

Nakusalimu, ingawa kalamu ni nzito. Phoebe amesoma barua yako yeye mwenyewe, herufi moja moja, na tangu hapo hasemi nami. Barua ya kwa wazee nimeifunga humu humu, nimeandika yote uliyotaka, na muhuri sikupiga.

Ulichouliza nitakijibu maana Opio atakwambia hata nisiposema. Wiki tatu baada ya yule jogoo alishuka hapa akanikuta na kikombe cha chai. Akaniambia, "Boss, ile kuku ulikula, unajua ni ya nini? Umeoza dada yako." Kikombe kilinianguka. Nilikaa juu ya magunia mpaka treni mbili zikapita. Hilo nakuapia, nilishtuka kama wewe ulivyoshtuka.

Siku hiyo hiyo nilikuwa nikuandikie. Nilianza hata tarehe. Kisha Methuselah akaja na koti lake. Kuna neno sikukuambia, Truphena. Mwezi wa Desemba, kabla hujaondoka, wazee wa Busibwabo walinikalisha, nami nikawakubalia kwamba utarithiwa. Sikukuuliza. Halafu uliponiomba nikusindikize kwenye treni sikuweza kukataa machozi yako, nikakusindikiza. Tangu hapo huyo mtu ananikaba kila wiki, mbele ya wakubwa wangu, ananiita mwongo. Basi siku ile nikamwambia: dada yangu ameolewa Uganda, jogoo nimekula mwenyewe. Akasimama, akaenda zake. Hakurudi tena. Nilipumua. Nikasema, Truphena yuko kwa mtu tajiri, mpole, ana shamba, ana hariri. Kwa nini nimharibie? Nikanyamaza nikingoja uzoee.

Nilikosa. Nisamehe. Sisi ni watoto wa tumbo moja.

Sasa yametokea mengine. Ndugu wa Wekesa wamesema kwa kuwa mama ameolewa ng'ambo, mtoto ni wao. Mtu mmoja wa Matayos anayeitwa Bwire, mwenye ng'ombe wa kulima na plau mbili, amewaendea kumwulizia Nanjala. Wamekubali. Walikuja hapa nami sikuwakatalia, nilisema tu wangoje muhula umalizike mwezi wa Agosti. Ni mtu mzima mwenye adabu, wake wawili tu. Nanjala hajaambiwa. Nimeona nikuandikie mapema ili tushauriane kwa utulivu.

Nduguyo,
Protus


Mukono
11 Juni 1965

Protus,

Nakusalimu.

Mzee Kasirye na wazee wake walipokea ile barua. Alinilipa miezi yote niliyopika, na Nathaniel akanitafsiria alivyosema, kwamba chakula kilikuwa cha mpishi na yeye angepaswa kukitambua. Aliniandikia pia barua kwa mkuu wa shule moja ya bweni ya wasichana, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Nimeanza kupika huko tangu tarehe moja. Mkuu wa shule amekubali binti yangu aingie darasani. Atahangaika na lugha mwanzoni, lakini hesabu ni hesabu.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni na nikakaa chini sakafuni. Jogoo nilikusamehe kabla hujaomba. Lile la Desemba limeniuma sana. Lakini kwamba ulimjua Bwire, ukajua ana wake wawili, ukaketi na watu wakipanga siku ya mtoto wa miaka kumi na minne, kisha ukanitaka tushauriane kwa utulivu, hilo mpaka leo mwili wangu unalikataa. Hukukosea neno hapo. Wote mlikuwa mkisema lugha moja.

Ulirudi nyumbani Jumanne jioni hukumkuta Nanjala. Usimgombeze Phoebe. Nilipofika mlangoni hakuniuliza kitu. Alitoa sanduku lake mwenyewe, lile la bati alilokuja nalo alipoolewa, akapanga humo nguo za mtoto na vitabu vyake, akanipa na viazi vya njiani. Wakija watu wa Busibwabo, waonyeshe barua hii. Waambie binti yuko kwa mama yake, na mama yake ana kazi.

Kwenda kwenye treni tulipita nyuma ya ghala. Nilikuona. Ulikuwa mlangoni umetupa mgongo, kalamu sikioni, unabishana na dereva wa lori juu ya gunia lililochanika. Umekonda. Nanjala alinivuta mkono, akasema, "Mama, hatumuagi mjomba?" Nikamwambia treni inaondoka.

Ilikuwa bado dakika ishirini. Tulikaa ndani ya behewa upande usioangalia ghala, mimi na yeye, mpaka ikaondoka.

Truphena